Picha za kaiti Paje zinatoka na ukungu: ninunue lenzi kubwa zaidi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Jambiani, napiga picha wacheza kaiti (wanaoteleza majini juu ya ubao wakivutwa na tiara kubwa) pale Paje, Unguja, na kuwauzia wageni siku hiyo hiyo. Nina Canon ya APS-C (yenye kihisi kidogo) na megapikseli 24 na lenzi ya milimita 70-300, f/4-5.6. Nafanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Picha zinatoka na ukungu hata nikipandisha kasi ya shata, mchezaji anakuwa mweusi, na nikihariri, bahari inakuwa buluu ya kupakwa na ngozi za watu zinakuwa nyekundu. Wenzangu wanasema ninunue lenzi ya 150-600. Ninunue?

Jibu: Waalaykum salaam. Usinunue, angalau si kwa tatizo hili. Lenzi ya milimita 600 itamkuza mchezaji, na ukungu itaukuza vilevile. Kinachokuharibia kazi ni saa unazopiga na pahala unaposimama. Mipangilio ya kamera inafuata baada ya hapo, na uhariri ni wa mwisho kabisa.

Kwanza tujue ukungu wako ni wa aina gani, maana uko wa namna nne na kila mmoja una dawa yake. Fungua picha kwa ukubwa wa asilimia 100 kwenye kompyuta, usiamini kioo kidogo cha kamera. Ukiona kingo za ubao zimefanya mawimbi, na picha tano zilizofuatana kila moja imeharibika kwa namna yake, hiyo ni hewa ya moto: joto linapanda kutoka kwenye mchanga na kuupinda mwanga njiani. Ukiona mchezaji amefifia lakini maji yaliyo mita chache mbele au nyuma yake yametoka safi, fokasi imeshika pasipo pake. Ukiona kila tone la maji limevutwa likawa kistari, vyote vikielekea upande mmoja, shata ilikuwa nzito au mkono ulitikisika. Na ukiona picha za siku nzima zina utando kama wa maziwa na weupe unavuja pembeni, usitafute mbali, kioo cha lenzi kina chumvi. Wewe unasema kasi ya shata haisaidii kitu, na unapiga saa nne hadi saa saba. Nadhani wako ni ule wa kwanza, pengine pamoja na wa nne. Hewa ya moto haina lenzi wala programu inayoitibu. Dawa yake ni kusogea karibu au kubadili saa.

Sasa tazama ramani. Pwani ya Paje inatazama mashariki. Jua linatoka baharini, kwa hivyo saa nne bado liko mbele yako na wewe unampiga mtu upande wake wa kivuli. Ndio weusi unaoulalamikia. Saa sita jua liko utosini, macho yamezama kwenye kivuli cha paji la uso. Kuanzia saa tisa alasiri jua liko nyuma yako, linamwangaza mchezaji uso, kifua na ubao, na maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe yanatoa ile rangi ambayo wageni wameifuata. Pwani za machweo, kama Kendwa, au Forodhani vijana wanapochupa baharini, hesabu inageuka: huko jioni ndiyo inayokupiga usoni.

Maji nayo yana saa zake, na wavuvi wa kwenu wanalijua hili kuliko mpigapicha yeyote. Siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji Unguja hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na kwa kuwa Paje ni maji mafupi mpaka mwambani, bahari inakimbia mamia ya mita. Kwa hivyo saa nne ya bamvu, wakati wewe ndio unafungua begi, wachezaji wako kule mbali, na katikati pana uwanja wa mchanga unaofuka joto. Lenzi ya 600 ingekupa picha kubwa ya uwanja huo. Siku za maji mafu mambo yanapinduka: maji hujaa kwenye saa nne na kupwa alasiri, lakini hayaendi mbali sana, maana tofauti yake ni kama mita moja tu.

Kila siku saa ya kujaa inasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Chukua jedwali la maji, weka alama siku ambazo maji yanajaa kati ya saa tisa na saa kumi na moja unusu alasiri. Utapata makundi mawili kwa mwezi, kila moja la siku tatu hadi tano. Hizo ndizo siku za kuwa Paje bila kukosa. Fika saa nane na nusu maji yanapopanda, fanya kazi hadi saa kumi na mbili kasorobo. Baada ya hapo jua linajificha nyuma ya minazi na majumba, na ukanda wa maji ulio karibu na pwani unaingia kivulini kabla jua lenyewe halijazama. Asubuhi usiitupe moja kwa moja. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, mwanga wa mbele unafaa kwa kivuli cheusi cha mtu, kaiti inayong'aa kwa jua linalopenya kitambaani na rasharasha za maji zilizowaka. Ila hapo weusi uwe umeukusudia mwenyewe.

Pahala pa kusimama ndipo wengi wanapokosea, na ndipo penye picha. Mcheza kaiti anauegemea mvuto wa kamba, mgongo kwenye upepo na kifua upande upepo unakokwenda. Ukisimama joshini, upande upepo unakotoka, unapiga mgongo na matako. Simama demani, upande upepo unakokwenda. Upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, ukiitazama bahari unakuja kutoka mkono wako wa kulia. Kwa hivyo jiweke upande wa kaskazini wa eneo la kuchezea, mchezaji awe kuliani kwako. Kaskazi, Desemba hadi Machi, unakuja kutoka kushoto. Hamia upande wa kusini. Na hapa Zanzibar umebahatika, kwa sababu katika miezi ya kusi jua la alasiri linaelemea kaskazini-magharibi, na Desemba na Januari linaelemea kusini-magharibi. Misimu yote miwili jua linakuwa upande uleule kifua cha mchezaji kinakoelekea.

Demani pia ndiko kaiti inakoangukia. Kamba za kaiti zina urefu wa mita 20 hadi 24, na zikiwa zimekaza zinakata ngozi kama kisu. Usisimame kwenye njia ya wanaorusha na kushusha kaiti, wala usimsogelee anayecheza chini ya mita 50. Ukiingia majini, ishia magotini, vaa viatu vya mpira kwa sababu ya miiba na vigingi vya mwani, na mwambie mwalimu wa kaiti wapi utakuwepo. Mashamba ya mwani usiyakanyage. Akina mama waliomo humo waombe kwanza. Wengi hawapendi kujikuta kwenye picha ya mtu mwengine.

Turudi kwenye lenzi uliyonayo, maana hesabu yake ni nzuri kuliko unavyodhani. Kwenye kihisi cha APS-C cha Canon, milimita 300 kwa umbali wa mita 80 inabeba upana wa kama mita 6. Hiyo ni nafasi ya mtu, ubao wake na rasharasha anazozitimua, na bado pana hewa mbele yake. Kwa umbali wa mita 90 hivi, kamera ikiwa imesimama wima kwa milimita 70, unapata kama mita 28 kutoka chini hadi juu, zinazotosha mtu, kamba na kaiti yenyewe. Maana yake, pahala pamoja pa mita 80 hadi 90 panakupa picha zote mbili bila kuhama. Mgeni anayeruka anataka kaiti ionekane, vinginevyo picha inamwonyesha mtu anayening'inia hewani bila sababu. Wakati maji yamejaa wachezaji wanapita umbali huo wenyewe.

Piga goti, au kaa kabisa mchangani ukingoni mwa maji. Kamera ikiwa chini, mruko wa mita tatu unapanda juu ya mstari wa upeo na unaonekana mruko kweli. Ukipiga umesimama kwenye ngazi za hoteli, mruko uleule unaonekana mtu amejikwaa.

Mipangilio. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu kwa mkono), shata 1/1600, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 200 kwa jua kali la alasiri. Jua likishuka panda hadi 400, kisha 800. Kwa miruko yenye mizunguko nenda 1/2000. Usiache kamera ijipimie mwanga: povu jeupe likiingia kwenye fremu inatia giza, kaiti nyeusi ikiingia inaangaza, na picha kumi za mruko mmoja zinatoka na mianga kumi. (Resi za ngalawa zina ugonjwa huohuo, tanga jeupe likijaa kwenye fremu mabaharia wote wanageuka makaa.) Piga picha moja ya majaribio, washa onyo la weupe uliopitiliza, ukubali vidoa vinavyomweta kwenye ncha za povu tu. Vikimweta kwenye ngozi iliyolowa au fulana nyeupe, punguza thuluthi moja ya kituo (kituo kimoja ni mwanga mara mbili au nusu yake). Siku ya mawingu yanayopita haraka, baki kwenye M na shata ileile lakini ISO iwe ya otomatiki, kikomo 1600, na fidia ya +2/3.

Fokasi iwe AI Servo (inayomfuata mtu anayesogea), eneo dogo la katikati na si kioo kizima, kwa sababu eneo pana linavutwa na rasharasha zilizo mbele. Kwenye menyu punguza wepesi wa fokasi kuhama, ili maji yakimfunika mchezaji kwa nukta moja kamera isimwache. Fokasi hamishia kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON, dole gumba likishikilia mfululizo huku kidole cha shahada kikipiga. Kidhibiti-mtikisiko kwa 1/1600 hakina kazi, kizime. Ukitaka picha ya kuburura, shata 1/80 na kamera ikimfuata mchezaji, kiwashe kwenye hali ya 2 (ya kuburura), kama lenzi yako inayo. Tarajia kutupa nyingi. Inayobaki moja ndiyo watu wanayoinunua, kwa sababu simu haiwezi kuipiga.

Mruko unaonekana kabla haujatokea. Mchezaji anauchimbia ubao majini, rasharasha zinaongezeka nyuma yake, na kaiti inapelekwa haraka juu ya kichwa. Anza kupiga kaiti inapopita kichwani, usingoje miguu itoke majini. Piga mikupuo mifupi ya picha nne au tano. Ukishikilia kitufe, RAW (faili ghafi za kamera) zinajaza kumbukumbu ya ndani na kamera inaganda mchezaji akiwa kileleni, pale anapokaribia kusimama hewani na uso uko wazi. Rudisha zumu hadi 100 au 135 kabla ya mruko, la sivyo utapata miguu tu. Mpige anaporudi pwani. Akielekea baharini anakupa kisogo.

Filta ya polaraiza (kioo cha kupunguza mng'ao) inapendwa kuliko inavyostahiki. Inakula kituo kimoja hadi viwili vya mwanga, na jua likiwa mgongoni kwako haifanyi kitu kikubwa angani. Itumie mchana, jua likiwa ubavuni, kwa picha pana za maji na mwamba. Kwa mchezo wenyewe, itoe.

Chumvi na mchanga. Mchanga wa Paje ni laini kama unga na unaingia kwenye pete ya zumu. Usibadilishe lenzi pwani. Kofia ya kuogea ya hotelini, iliyotobolewa kwa mbele na kufungwa kwa mpira, inafunika kamera vizuri kuliko mfuko wa rambo, ambao kwanza umepigwa marufuku. Kila nusu saa angalia kioo cha mbele dhidi ya mwanga. Kikiwa na matone, usifute kavukavu: puliza mchanga kwanza, kisha kitambaa laini kilichotiwa maji baridi kidogo (ya mfereji, si ya bahari), kisha kikavu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Ukiifungua mara moja, lenzi inatoka jasho, na hapo una ukungu wa aina ya tano.

Uhariri. Piga RAW. JPEG ya kamera imeshakata rangi kwenye povu na haizirudishi. Chagua kwanza, hariri baadaye: pita mara moja upesi ukitupa zote zisizo na uso, zisizo na makali, na zile ambazo mkono au kaiti imekatwa vibaya. Kwa kila mruko bakisha moja, mbili zikizidi. Mteja anayepewa picha 60 zinazofanana hanunui hata moja.

Ngozi nyekundu inatokana na mizania-nyeupe (white balance) ya otomatiki. Kamera inaona fremu imejaa buluu, inadhani mwanga wenyewe ni wa buluu, inaongeza wekundu kusawazisha. Weka joto la rangi 5500 kwa mkono na utumie namba hiyo kwa kundi zima la picha. Saa kumi na moja hadi machweo nenda 5200 kama unataka dhahabu ipungue, lakini usiifute yote. Hakiki kwa povu lililo juani: liwe jeupe lisilo na waridi wala kijani.

Baada ya hapo nyoosha upeo. Bahari iliyoinama nyuzi mbili inaonekana inamwagika, na mtu yeyote anaiona hata asipojua kuieleza. Kisha kata, ukiacha nafasi zaidi upande mchezaji anakokwenda. Picha yako ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiikata nusu kila upande inabaki 3000 kwa 2000. Inatosha kwa simu na kwa chapa ya sentimita 25, lakini kwa bango haitoshi.

Mwanga mkali uteremshe -40 hadi -60 povu lirudishe umbile. Vivuli pandisha +20, ikizidi +35. Hapa pana mtego kwenye ngozi nyeusi: ukivuta vivuli sana inageuka kijivu kama iliyopakwa majivu. Bora upake eneo la uso na mwili peke yake, uongeze mwanga kwa thuluthi mbili za kituo, na weusi wa picha nzima ubaki -10. Kwenye Snapseed, ambayo ni ya bure, zana ya kuchagua sehemu inafanya hivyo kwa kidole. Kwa kompyuta, darktable nayo haina gharama.

Bahari ya kupakwa inakuja kwa sababu unavuta mjao wa rangi (saturation) wa picha nzima, na kiondoa-ukungu (dehaze) kwa nguvu. Kiondoa-ukungu kikipita +15 kinaongeza rangi na kutia giza, anga inachafuka. Wala ukungu wa hewa ya moto hakiuondoi, kinaukolezea wino. Acha mjao wa jumla sifuri. Nenda kwenye rangi moja moja: ile ya feruzi ongeza +5 hadi +10 na mwangaza wake ushushe -8, buluu usiiguse, manjano punguza -10 ili mchanga uwe mweupe kama ulivyo. Weka kando picha moja ya maji uliyoipiga tupu, bila kuihariri, uwe unailinganisha. Mgeni alikuwa ndani ya maji yale saa mbili zilizopita na anakumbuka rangi yake.

Kuongeza makali: kiasi 50, upana 0.8, na kinga ya kingo 70, ili ung'arishaji ushike kamba, ubao na nywele uache anga. Vidoa vya vumbi vitafute angani, ukikaa f/5.6 hadi f/8 havionekani sana.

Kwa mauzo ya siku hiyo, toa JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa simu na mitandao), upande mrefu pikseli 2048, ubora 80, picha kumi hadi kumi na tano za kuonyesha, jina lako dogo pembeni. Akishalipa, mpe kubwa. Kwenye WhatsApp itume kama hati, si kama picha, la sivyo inabanwa na makali yote uliyoyapigania yanapotea. Nakili kadi pahala pawili kabla ya kulala, uifute kwa kamera yenyewe na si kwa kompyuta.

Na ukisikia bado unazo pesa za ile lenzi, nunua kadi ya haraka na betri ya pili. Baada ya msimu mmoja wa kusi wa kufanya kazi alasiri, kama bado unajikuta unakata kila picha nusu, hapo 150-600 itakuwa na sababu.